Monika wa Tagaste: Mke Aliyelinda Ndoa kwa Kulinda Ulimi



Katika parokia zetu nyingi huwezi kukosa jumuiya ndogo ndogo yenye jina la Mtakatifu Monika. Akina mama wenye watoto wakaidi humkimbilia, kwa maana alimlilia mwanawe Augustino miaka mingi hata akaongoka. Lakini kabla ya kujulikana kama mama mwenye machozi, Monika alikuwa mke, na mumewe hakuwa mwaminifu. Habari hiyo haisimuliwi sana kanisani. Leo ningependa tuitazame, kwa sababu ndoa nyingi kati yetu zinatikiswa na jambo hilo hilo. Mmoja anatoka nje ya ndoa, na mwenzake hajui amwambie nani, anyamaze au aseme, aondoke au abaki. Na watu wa jumuiya, ambao wangeweza kuwasaidia, mara nyingi ndio wanaoongeza kuni motoni.

Mengi tunayoyajua juu ya ndoa ya Monika tumeyapata kwa Augustino mwenyewe. Karibu mwaka 400, akiwa tayari ni Askofu, aliandika kitabu kiitwacho Maungamo, na humo hakuficha makosa yake wala ya wazazi wake. Kwa hiyo tunasoma ushuhuda wa mtoto aliyelelewa katika nyumba hiyo. Hapo pekee pana fundisho. Wewe baba, nawe mama, mnaodhani watoto wenu hawaoni wala hawasikii, jueni kwamba wanaona na wanasikia.

Binti wa Afrika

Monika alizaliwa karibu mwaka 332 katika mji mdogo wa Tagaste, Afrika ya Kaskazini. Siku hizi mji huo unaitwa Souk Ahras, nao uko nchini Algeria. Basi huyu ni Mwafrika mwenzetu. Wazazi wake walikuwa Wakristo, lakini aliyemlea hasa ni mtumishi mmoja mzee, mwanamke ambaye zamani alimbeba mgongoni baba yake Monika. Bibi huyo alikuwa mkali. Hakuwaruhusu wasichana kunywa hata maji nje ya saa za chakula. Alihofia kwamba wakishaolewa na kushika funguo za ghala, watainywa divai kama walivyozoea kunywa maji.

Pamoja na malezi hayo, Monika aliteleza. Alikuwa akitumwa kuchota divai kwenye pipa, akaanza kuonja kidogo kidogo, na mwishowe akawa anamaliza karibu kikombe kizima. Siku moja aligombana na mjakazi aliyekuwa akienda naye ghalani, na mjakazi yule akamwita mlevi. Neno hilo lilimchoma. Monika alijitazama, akaona aibu, na tangu siku hiyo akaacha.

Mjakazi yule hakuwa na nia njema, alitaka kumuumiza tu. Lakini alimwambia Monika usoni, wala hakwenda kulitangaza neno hilo kisimani. Ndugu msomaji, kosa la mtu likiambiwa mwenyewe, hata kwa ukali, laweza kumponya. Likizungushwa mtaani linamharibu yeye pamoja na nyumba yake.

Nyumba ya Patricius

Alipofikia umri wa kuolewa, Monika alipewa mume aliyeitwa Patricius. Alikuwa mmoja wa wajumbe wa baraza la mji, mwenye mali kidogo, na hakuwa Mkristo. Augustino anatueleza kwamba baba yake alikuwa mtu wa moyo mwema, lakini hasira yake iliwaka upesi. Na juu ya hayo, hakuwa mwaminifu katika ndoa.

Watu wa siku zile hawakuona jambo hilo kuwa la ajabu. Sheria ya Kirumi ilimwadhibu mke aliyezini, lakini mume aliyelala na mjakazi wake hakuhesabiwa kuwa amezini. Kwa hiyo Monika hakuwa na mahakama ya kumtetea, na jirani wengi wangemwambia kwamba wanaume wote ndivyo walivyo. Je, si ndivyo tunavyosikia hata leo? Binti akilia, shangazi humwambia avumilie, kwa kuwa hata babu alikuwa hivyo.

Monika hakuwaza hivyo. Alijua kwamba uzinzi wa mumewe ni dhambi, ila aliamini kwamba Patricius angeweza kubadilika. Tumaini lake lilikuwa moja: kwamba siku mumewe atakapomwamini Mungu, imani hiyo itamfundisha na usafi. Kwa hiyo hakuigeuza dhambi ya mumewe kuwa vita ya kila siku ndani ya nyumba. Patricius alipowaka hasira, Monika hakujibizana naye kwa neno wala kwa tendo. Alingoja hata atulie, kisha akamweleza kwa upole sababu ya alilolifanya.

Angalia vizuri hapo. Monika hakumeza maneno yake milele, bali alichagua saa ya kuyasema. Wako wanandoa wanaosema kila kitu saa ya hasira, na wako wasiosema lolote hata hasira ikipoa. Wote wawili hawajengi. Chakula kikishaliwa na watoto wakishalala, ndipo wakati wa kusema, Baba Fulani, jambo la jana liliniumiza.

Maneno ya jikoni

Monika alikuwa na msalaba mwingine, nao ni mama mkwe. Wajakazi wa nyumba walimpelekea mama huyo maneno ya uongo juu ya mkaza mwana wake, na mwanzoni akayaamini. Kila mwenye kuishi boma moja na wakwe anajua uchungu huo. Monika hakulipa uongo kwa uongo, wala hakumtaka mumewe achague kati yake na mama yake. Aliendelea kumheshimu na kumtumikia mama mkwe kwa uvumilivu, mpaka mama huyo mwenyewe akautambua ukweli. Ndipo mama mkwe alipokwenda kwa mwanawe na kuwataja waliokuwa wakichonganisha. Patricius aliwaadhibu kwa viboko, kwa desturi ya siku zile, na mama mkwe akatangaza kwamba yeyote atakayemletea tena neno baya juu ya mkaza mwana wake atapata malipo hayo hayo. Tangu hapo wawili hao wakaishi kwa upendo mkubwa.

Sisi hatuwezi kushika kiboko. Lakini tunaweza kufanya kama mama mkwe huyo kwa njia nyingine, yaani kufunga mlango wa masikio. Mama mkwe akimwambia mleta maneno kwamba hapa hatusemi vibaya juu ya mke wa mwanangu, fitina inakosa mahali pa kulala. Vivyo hivyo mume akikataa kusikiliza umbea kazini juu ya mkewe, na mke akikataa kusikiliza umbea sokoni juu ya mumewe.

Mtu aliyejua kutunza siri

Wanawake wa Tagaste walikuwa wakikutana na kulalamika juu ya waume zao. Wengine walikuwa na alama za kupigwa usoni, ingawa waume zao hawakuwa wakali kama Patricius. Walishangaa kwamba hawakupata kusikia wala kuona dalili kwamba Patricius alimpiga Monika, au kwamba wawili hao walikosana hata siku moja wakatengana. Walipomwuliza kwa siri, aliwaeleza njia yake. Waliojaribu walirudi kumshukuru.

Augustino anaongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha ya Monika. Watu wawili wakigombana, kila mmoja alikuja kwake kwa saa yake na kumwaga uchungu wake wote juu ya mwenzake. Monika alisikiliza pande zote mbili. Lakini aliposema na mmoja juu ya mwingine, alimpa yale tu yanayoweza kuwapatanisha. Mengine yalibaki moyoni mwake. Augustino anasema angeliona jambo hilo dogo, kama asingalikuwa ameona watu wengi mno wanaobeba maneno ya mtu mwenye hasira na kumpelekea adui yake, tena wakiongeza na ambayo hayakusemwa.

Ndugu zangu, jumuiya zetu zingekuwaje kama kila moja ingekuwa na Monika mmoja? Tunakutana nyumbani kwa jirani, tunasoma Injili, tunaomba. Mama mmoja anaomba tumkumbuke mume wake. Kabla hajafika kwake, simu zimeshaanza kulia, na jioni kundi la WhatsApp la mtaa lina habari kwamba nyumba fulani inawaka moto. Mwezi unaofuata mama huyo haji tena kusali. Anakaa peke yake na uchungu wake, na mumewe akisikia kwamba habari zake zimetapakaa anazidi kuwa mgumu, maana sasa anaona kurudi nyumbani ni kushindwa mbele za watu.

Wasimamizi wa ndoa wana wajibu hapa. Hamkusimama altareni ili mpigwe picha. Mlisimama ili siku mambo yatakapoharibika, wawili hao wawe na mlango wa kubisha usiku wakijua siri yao haitatoka. Na mkimwona mume au mke mliyemsimamia anaanza kuingia nyumba isiyo yake, mwendeeni yeye mwenyewe kwanza, kama yule mjakazi alivyomwambia Monika usoni, ila nyinyi mwende kwa upendo.

Jambo moja lisieleweke vibaya

Katika mafundisho ya ndoa wako wanaotumia habari za Monika kumwambia mke anayepigwa avumilie tu. Siyo sawa. Wanawake wa Tagaste waliishi chini ya sheria iliyowaweka karibu kama watumishi wa waume zao, na Monika mwenyewe aliwakumbusha hivyo alipowapa mashauri. Hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Sisi tunapo. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema wazi kwamba mwenzi anayemhatarisha mwenzake au watoto, mwilini au rohoni, anampa sababu ya haki ya kutengana naye. Anaweza kupata ruhusa ya Askofu, na hatari ikiwa karibu anaweza kuondoka bila kungoja. Hapa Kenya pia, tangu mwaka 2015 kuna sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Kwa hiyo kutunza siri ya ndoa si kuficha damu. Mtu akikuonyesha majeraha, jukumu lako ni kumfikisha mahali pa usalama, hospitalini, na kwa paroko.

Vivyo hivyo msamaha. Mume au mke aliyetoka nje akirudi na kutubu, kumsamehe ni jambo kubwa na takatifu. Lakini kumsamehe hakukatazi wote wawili kwenda kupimwa virusi vya Ukimwi kabla ya kurudiana. Anayetaka kweli kuaminiwa tena hataogopa kwenda kupimwa pamoja na mwenzake.

Mume anaongoka

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354. Alikuwa na ndugu yake Navigius, na dada mmoja. Alipokuwa na miaka 16 hivi, baba yake alimwona kwenye bafu la mji, akatambua kwamba kijana amebalehe, akarudi nyumbani akifurahi kwamba atapata wajukuu. Monika alishtuka. Alimwita mwanawe faraghani, akamwonya ajiepushe na uasherati, na zaidi ya yote asiguse mke wa mtu. Kijana aliona hayo ni maneno ya wanawake, akaona haya kuyafuata. Tena Monika mwenyewe hakuharakisha kumtafutia mwanawe mke, kwa kuogopa kwamba ndoa ingekatiza masomo yake. Hata watakatifu hawakuona kila kitu sawasawa.

Lakini mwaka huo huo jambo lilikuwa limeanza kwa Patricius. Alikuwa ameandikishwa kuwa mkatekumeni. Kabla ya kufa kwake, karibu mwaka 371, akapata kuwa mwamini. Augustino anashuhudia kwamba baada ya baba yake kuamini, Monika hakuwa tena na sababu ya kulilia yale aliyoyavumilia zamani. Zaidi ya miaka 15 alikuwa amengoja. Muda walioishi pamoja kwa imani moja ulikuwa mfupi, lakini waliupata.

Kilichobaki kwa mtoto

Mtoto alikuwa amekwisha kujifunza kwa baba. Alipokwenda Carthage kusoma, Augustino alichukua mwanamke bila ndoa, akazaa naye mtoto aitwaye Adeodatus, akaishi naye miaka mingi. Mwaka 383 alimdanganya mama yake bandarini, akapanda meli usiku kwenda Roma wakati Monika akisali katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriani. Monika alimfuata mpaka Milano.

Huko Milano kukafanyika mpango wa Augustino kuoa binti wa ukoo mzuri, na Monika alishiriki katika mpango huo. Yule mwanamke waliyezaa naye alirudishwa Afrika, akaondoka akiapa kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Augustino aliambiwa angoje miaka miwili binti yule afikie umri wa kuolewa, akashindwa, akachukua mwanamke mwingine. Anaikiri aibu hiyo mwenyewe. Mwanamke asiye na cheti cha ndoa alishika uaminifu ambao yule msomi hakuuweza. Wanaume tutafakari hapo.

Hatimaye neema ilishinda. Mwaka 386 Augustino aliongoka, na usiku wa Pasaka mwaka 387 Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, alimbatiza pamoja na mwanawe Adeodatus. Monika aliyaona kwa macho yake. Walipokuwa njiani kurudi Afrika, bandarini Ostia karibu na Roma, alishikwa na homa, na siku ya tisa ya ugonjwa wake akafariki akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Kuna jambo la mwisho la ndoa hapo. Miaka mingi Monika alikuwa ametayarisha kaburi kando ya mumewe kule Afrika, naye alitamani sana kulazwa hapo. Fikiri: kando ya Patricius, mtu aliyemwumiza kiasi kile. Sisi tunaojua uzito wa kuzikwa nyumbani tunaelewa maana yake. Navigius naye alisikitika kwamba mama atafia ugenini. Lakini Monika aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasisumbuke. Aliwaomba tu wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Alikwisha kuliachilia hata kaburi, akijua kwamba hakuna mahali palipo mbali kwa Mungu. Leo masalia yake yapo Roma, katika kanisa la Mtakatifu Augustino, na sikukuu yake ni tarehe 27 Agosti.

Matunda yake yanatufikia sisi. Augustino alipokuwa Askofu wa Hippo, aliwahubiria waume bila woga kwamba uaminifu wanaoudai kwa wake zao nao wanadaiwa. Karibu mwaka 401 aliandika juu ya wema wa ndoa, akafundisha kwamba mema yake ni matatu: watoto, uaminifu, na sakramenti. Kanisa linafundisha hivyo hata leo. Mtoto wa baba asiye mwaminifu ndiye aliyelifundisha Kanisa thamani ya uaminifu, kwa sababu alikuwa ameuona kwa mama yake.

Ya kuzungumza nyumbani

Jioni moja wiki hii, zimeni redio, kaeni wawili, mwulizane haya bila kugombana:

1. Je, kuna neno ambalo nimekuwa nikiliambia watu wengine juu yako, ambalo nilipaswa kukuambia wewe kwanza?

2. Ni saa gani unayoona ni rahisi kwako kunisikiliza?

3. Tukipata shida kesho, ni nyumba gani tunayoiamini wote wawili kwenda kubisha hodi?

4. Je, jirani mwenye shida ya ndoa anaweza kutuletea siri yake, nayo ikalala hapa?

Mkiona hamna jibu la swali la tatu, waendeeni wasimamizi wenu au paroko kabla shida haijafika. Na ikiwa mmoja wenu ameshaanza kwenda njia isiyo yake, mlango bado uko wazi. Patricius aliupita akiwa mtu mzima, na nyumbani alikuwako aliyekuwa akimngoja.

Mtakatifu Monika, mke na mama, utuombee.